Ijumaa moja Delhi na mama mwenye magoti: kaburi la Humayun linafaa?

"Habari za kazi. Nipo Delhi na mama yangu, ana miaka 68, tulikuja kwa ajili ya moyo wake. Namshukuru Mungu vipimo vimeisha, daktari kasema hakuna upasuaji, ataendelea na dawa. Tunaruka Jumapili na siku tuliyonayo huru ni Ijumaa tu. Nilitaka nimpeleke Taj Mahal, dereva kaniambia Ijumaa panafungwa, twende kaburi la Humayun, eti ni Taj ndogo, wameiga. Mama kusikia neno kaburi akasema hakuja India kuzuru makaburi ya wafalme, halafu sisi Waislamu, haifai. Magoti yake nayo mabovu na nimesikia kuna ngazi kali. Wiki tatu hajaona kitu zaidi ya hospitali na ukuta wa gesti, inaniuma. Kuna maana ya kwenda? Na tukienda tuangalie nini, maana historia yake siijui kabisa."

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa wiki tatu za korido na foleni za vipimo, hongera kwa majibu ya mama. Swali lako nimelisoma mara mbili, naona umebananisha maswali manne humo ndani: kama pale ni Taj feki, kama kidini panafaa, kama magoti yatahimili, na lile la mwisho ulilolisema kwa aibu kidogo, kwamba hujui historia sasa utaangalia nini. Jibu la haraka ni nendeni, ila msiende kwa ajili ya kaburi, nendeni kwa ajili ya bustani. Mimi kazi yangu ni majengo ya kale, miaka yangu mingi imeishia kwenye chokaa na mawe ya matumbawe huku pwani kwetu, na pale Delhi nimeshafika zaidi ya mara moja, kwa hiyo naomba nikueleze taratibu halafu wewe na mama mtaamua.

Tuanze na dereva. La Ijumaa kasema kweli, Taj Mahal inafungwa kila Ijumaa, wanaoingia ni wenyeji wanaoswali kwenye msikiti wa mle ndani. La kuiga ndo kageuza. Humayun ni mfalme wa pili wa Wamughal, ukoo wa Kiislamu uliotawala India, baba yake Babur ndo aliyeishika Delhi mwaka 1526. Aliyejenga Taj ni Shah Jahan, na Shah Jahan ni kitukuu cha Humayun. Kaburi la Humayun lilijengwa kati ya miaka ya 1560 na mwanzoni mwa miaka ya 1570, Taj ikaanza 1632, kwa hiyo ukisema moja limeiga jingine basi ni kitukuu aliyetazama kwa babu. Hili la Delhi ndo kaburi la kwanza kubwa kwenye bara Hindi lote kuwekwa katikati ya bustani ya namna ile, na bila hilo Taj unayoijua isingekuwepo. Na dogo pia sio, kutoka chini mpaka ncha ya kuba ni kama mita 47.

Sasa la mama, nalo nalichukulia kwa uzito wake. Mimi sio sheikh, hukumu ya dini muulizeni mnayemwamini, mpigieni hata simu leo. Ninachoweza kusema ni hiki: kuna hadithi inayojulikana kwamba Mtume alikuwa amekataza kuzuru makaburi kisha akaruhusu kwa kuwa yanakumbusha Akhera, na kinachobishaniwa na wanazuoni zaidi ni kujenga juu ya kaburi na kumwomba aliyelala humo. Hayo ya kuomba pale hayapo. Ni jengo la kumbukumbu liko chini ya serikali, watu wanapiga picha, watoto wa shule wanapita kwa mistari, hakuna ubani wala mashada. Tena hofu ya mama hata Wamughal wenyewe walikuwa nayo. Babur alizikwa bustanini Kabul, kaburi lake kwa matakwa yake likaachwa wazi juu bila paa, na Aurangzeb, mtoto wa huyo huyo Shah Jahan wa Taj, kaburi lake liko Khuldabad, udongo tu na mbingu. Kwa hiyo mwambie mama mawazo yake yana wenzake, hata ndani ya ukoo ule ule.

Penye ibada na msongamano ni ng'ambo ya barabara, kwenye dargah, yaani kaburi la walii linalozuriwa kwa ibada, ya Nizamuddin Auliya aliyefariki 1325. Kaburi la Humayun liliwekwa mtaa ule kwa sababu yake, watu wa zamani walitaka kuzikwa karibu na walii. Huko kuna vichochoro vyembamba, unavua viatu, na Ijumaa panajaa sana. Kwa magoti ya mama na imani yake, huko nisingempeleka.

Na kuna jambo ambalo huenda likambadilisha mama moyo zaidi ya maelezo yangu yote. Kwa mapokeo aliyesimamia ujenzi ule ni mwanamke, mjane wa Humayun, Bega Begum. Alikwenda Hijja zama zile za jahazi na ngamia, ndo maana mpaka leo anaitwa Haji Begum. Pembeni ya kaburi kuna boma linaitwa Arab Serai, na wenyeji husimulia kwamba aliwaweka humo Waarabu mia tatu aliorudi nao kutoka Makka. Na yeye mwenyewe amelala pale pale, na kwenye jengo na jukwaa lake yapo makaburi zaidi ya mia ya watu wa ukoo ule.

Haya, bustani. Hapa naomba uvumilie nikae kidogo maana ndo kiini chenyewe.

Wenyewe wanaiita char bagh, kwa Kiajemi ni bustani nne. Chukua uwanja wa mraba wa hekta kama kumi na mbili, uzungushie ukuta mrefu, kisha ugawe mara nne kwa njia pana zenye mfereji mwembamba wa maji katikati, na kila robo uigawe tena kwa njia ndogo mpaka upate vitalu 36. Jengo linakaa pale njia kubwa zinapokutana. Ukisimama kwenye njia yoyote kubwa unaona maji yanakwenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa mfalme, huo mstari haukosei hata kidogo. Maana yake mama ataipata bila kufundishwa, ni ile mito ya Peponi iliyotajwa kwenye Sura Muhammad, ya maji, ya maziwa, ya mvinyo na ya asali iliyosafishwa. Na jengo lenyewe ndani lina chumba cha katikati na vyumba vinane vimekizunguka, Waajemi wakiita mpango huo pepo nane. Halafu angalia maneno yetu, bustani ni neno la Kiajemi, na Firdausi asili yake ni neno la Kiirani cha kale la bustani iliyozungushiwa ukuta, likapita kwenye Kiarabu ndo likatufikia. Yaani kila siku tunataja kitu ambacho pale mama atakikanyaga kwa miguu yake.

Sasa mfikirie fundi aliyetandaza ile mifereji. Ndani ya mifereji maji hayasukumwi, yanateremka yenyewe, na mteremko waliourudisha walipokarabati ni kama sentimita moja kwa kila mita arobaini. Fundi yeyote wa kwenu mwenye pima maji mkononi mwambie hiyo hesabu uone atakavyokutazama, sentimita moja ni upana wa kucha ya kidole kidogo, na mita arobaini ni karibu nusu ya uwanja wa mpira. Ukizidisha mteremko maji yanakimbia na mfereji unakauka upande mmoja, ukipunguza yanasimama na kuvunda. Kwa hiyo mkifika muda ambao maji yapo, kaeni pembeni ya mfereji mdondoshe jani moja kavu. Litaanza kama halitaki kwenda, alafu utaliona linajivuta pole pole kuelekea bwawa dogo linalofuata. Hiyo dakika moja ndo historia ya pale kuliko tarehe zote nilizokuandikia, na mama ataiona akiwa amekaa.

Nisikudanganye kwamba kila unachokiona ni cha 1570. Maji yalikauka, watu wakalima mboga humo ndani, Waingereza nao wakaja na majani yao ya kufyeka na maua ya duara kwa ladha ya kwao. Mwaka 1857 mfalme wa mwisho wa Wamughal, Bahadur Shah Zafar, mzee wa miaka themanini na kitu, alikimbilia pale kwenye kaburi la babu zake akakamatwa na Waingereza, akafia uhamishoni Rangoon mwaka 1862. Na 1947 nchi ilipogawanywa, pale palikuwa kambi ya wakimbizi, bustani ikakanyagwa mno. Hata mto Yamuna uliokuwa unapita nyuma ya ukuta wa mashariki umehamia mbali, ukitazama upande ule sa hivi unakutana na reli.

Waliorudisha maji na miti ni mfuko wa Aga Khan wa utamaduni wakishirikiana na idara ya mambo ya kale ya India, bustani ilimalizika 2003, na jengo wakalianza 2007 mpaka 2013. Ni watu wale wale waliotengeneza upya bustani ya Forodhani pale Zanzibar mwaka 2009, kwa hiyo kama mama ameshakaa Forodhani jioni, mkono mmoja huo huo. Na kuna kitu walifanya ambacho kila mtu mwenye nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Lamu au Mombasa anapaswa kukijua. Juu ya paa la lile jengo walikuta tabaka za saruji zilizomwagwa miaka ya nyuma na waliodhani wanazuia maji kuvuja, wakazibandua kwa mkono, uzito wake ukafika kilo milioni moja. Jengo lile ni la chokaa. Chokaa inaruhusu unyevu uingie na utoke, saruji inaufungia ndani, ule unyevu ukikosa pa kutokea unabeba chumvi za ukutani mpaka kwenye uso wa jiwe, chumvi ikikauka inavimba na jiwe linamenyeka kama ganda la kitunguu. Kwetu tunaona ukuta unatoa unga mweupe tunasema ni uzee, tunapiga saruji tena, na tunaua nyumba. Mkipita karibu na ukuta mguse plasta nyeupe ya yale matao ya chini, ni chokaa mpya ya mafundi wa mkono, ina ubaridi na ulaini ambao saruji haina.

Sasa magoti. Kutoka kwenye tiketi mpaka kwenye lango la magharibi la bustani ni mwendo kidogo, tambarare karibu wote. Bustani yenyewe ni tambarare. Shida ni jengo, limekaa juu ya jukwaa refu la mita sita saba hivi, na ngazi zake ni kali, za mawe, zile ngazi ambazo kila moja inakupeleka juu kuliko ulivyotegemea, na kushuka ndo kubaya zaidi. Lifti hakuna. Mama asipande, nasema wazi kabisa. Humayun mwenyewe alikufa kwa ngazi, Januari 1556, alikuwa anashuka kwenye maktaba yake pale ngome ya Purana Qila, hapo hapo Delhi, inasimuliwa akasikia adhana akataka kuinama, mguu ukanasa kwenye joho akaporomoka. Alikuwa ameirudisha Delhi miezi michache tu baada ya miaka kumi na tano ya kufukuzwa.

Mpango ambao ningeufuata ni huu. Mkiingia tu, upande wa kulia kuna kaburi la Isa Khan, la mwaka 1547, la pembe nane, la zamani kuliko la Humayun. Huyu bwana alikuwa mkubwa kwenye serikali ya Sher Shah Suri, yule yule aliyemfukuza Humayun, na sasa wamelala majirani. Pale hakuna jukwaa refu, kuna vigae vya buluu na kijani bado vimeshika, na watu wachache, mama apate kupumzika. Alafu piteni lango la magharibi pole pole, na kabla hamjatoka kwenye kivuli cha lango msimame, maana lile tao linakata picha ya kuba sawasawa katikati, na jua la asubuhi liko nyuma yake. Kuba lile ni mawili moja ndani ya jingine, la nje refu ili lionekane mbali, la ndani fupi ili chumba kisiwe kama kisima. Mkae kwenye benchi kivulini. Kama mama hana kizunguzungu na ana simu mkononi, wewe panda peke yako dakika ishirini umrekodie video.

Ukiwa juu angalia mambo mawili ya kumwonyesha. Jiwe la marumaru utakaloliona katikati halina mtu, ni alama, Humayun amelala chini yake kabisa kwenye udongo. Na utaona makaburi yote yamelazwa kaskazini kwenda kusini, kwa sababu kibla ya Delhi iko magharibi. Sisi wa pwani kibla chetu ni kaskazini, maiti wetu wanalala mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo macho ya mama yatagutuka, na ukuta wa magharibi una mihrabu ambayo ni wavu wa marumaru uliotobolewa, mwanga unaingia kupitia humo. Zile nyota za pembe sita kwenye matao watu huuliza kama ni za Kiyahudi, hapana, ni pambo la siku nyingi kwenye majengo ya Kiislamu.

Kuhusu kupima njia mbadala, nitakuwa mkweli. Taj siku ya Jumamosi, kama mngeweza kuipata siku hiyo, inawezekana, kuna treni ya haraka inayoondoka asubuhi stesheni ya Hazrat Nizamuddin na kufika Agra, mji ilipo Taj, kwa saa moja na dakika arobaini hivi. Lakini mwisho wa wiki watu ni wengi mno, kuna foleni ya ukaguzi, kutembea kwingi, mnarudi usiku na kesho yake ndege ndefu. Kwa mgonjwa wa moyo aliyetoka kwenye vipimo wiki hii mimi nisingefanya, hata kama inauma kufika India bila kuiona. Kama mama atakataa kata kata jengo lenye kaburi, kuna Sunder Nursery, imepakana ukuta na pale, bustani kubwa tambarare yenye mifereji na maua, ina tiketi yake. Lodhi Garden nayo haipo mbali na kuingia ni bure ila humo pia makaburi ya masultani yapo.

Tiketi ya mgeni ni kama rupia 600, Mhindi analipa 40, msishtuke mkiona tofauti. Nunueni dirishani au kwenye tovuti ya idara ya mambo ya kale na sio kwa kijana anayewafuata kwenye maegesho. Mkitaka mtu wa kuwaeleza, aonyeshe kitambulisho chake cha leseni ya utalii na mkubaliane bei kabla. Panafunguliwa jua linapochomoza, fikeni saa mbili asubuhi. Mkisoma haya mwezi wa tano au wa sita joto linapita digrii 40 na yale mawe yanakuwa jiko, na mwezi wa kumi na moja hadi wa kwanza hewa ya Delhi inaweza kuwa chafu kiasi cha kumbana mtu mzima mzima, kwa hiyo angalieni kipimo cha hewa asubuhi hiyo kwenye simu, kikiwa kibaya bakini gesti.

Na kabla ya yote mpigie daktari wake kesho, swali moja tu, je mama anaruhusiwa kutembea taratibu kwa saa mbili nje, na dawa zake za asubuhi zinywewe saa ngapi siku hiyo. Hilo mimi siwezi kulijibu nikiwa mbali, na usilichukue kutoka kwa dereva pia. Mbebe maji, kitu kitamu kidogo, kofia au mtandio mwepesi, na viatu vya raba vya kufunga. Akilalamika kifua kubana, jasho la baridi, pumzi kukata au kizunguzungu, hapo bustani imeisha, mkalishe, piga 112 ambayo ni namba ya dharura India nzima, au mwombe mlinzi yeyote awasaidie mrudi hospitali. Usimsubirishe eti tumalizie upande mmoja.

Mtoke saa nne, saa nne na nusu, kabla jua halijakaza na kabla watu wa swala ya Ijumaa hawajajaza ile barabara ya Nizamuddin, mama awahi chakula na kulala kidogo. Akiuliza mlikwenda kuona nini mwambie kazi ya Haji Begum, na lile jani mlipigie picha.